Ukionewa Kwenye Kampuni Changa: Cha Kufanya Kuanzia Barua ya Ofa Hadi CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi)

Kampuni changa nyingi za Dar es Salaam hazianzi na nia mbaya. Zinaanza na watu wanne kwenye chumba cha kupanga Mikocheni au Sinza, kila mtu anafanya kila kazi, na mwanzilishi mwenyewe hajilipi. Mambo huanza kuharibika pale watu wanapofika kumi na tano, hela ya mwekezaji imeshaingia, lakini ofisi bado inaendeshwa kwa lugha ya undugu: hapa sisi ni familia, tuvumiliane, tukipata raundi ijayo ya uwekezaji hakuna atakayesahaulika. Ukiulizia mkataba unaonekana huna moyo wa kazi. Ukiulizia mshahara wa mwezi uliopita unaambiwa una tamaa. Halafu siku moja, saa tatu usiku, unaondolewa kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, na hiyo ndiyo barua yako ya kuachishwa kazi.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeajiriwa Tanzania Bara. Sheria inayomlinda ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, pamoja na Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka huohuo. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Na. 11 ya 2005, kwa hiyo aliyeko Unguja au Pemba asibebe namba za hapa kama zilivyo. Sheria hiyo ya Bara imewaacha nje wanajeshi, polisi, askari magereza na JKT. Kampuni ndogo, kampuni mpya na kampuni inayosubiri mwekezaji hazimo kwenye orodha hiyo.

Madai ya wafanyakazi wa kampuni hizi mara nyingi hufa kabla hata ya kusikilizwa, na yanauawa na vitu viwili: kukosa karatasi na kupitisha siku. Ndiyo maana hatua zinazogusa vitu hivyo nimezirefusha, na nyingine nimezipitia haraka.

Hatua ya 1: Mjue mwajiri wako kwa jina lake la BRELA

Jina lililochapwa kwenye fulana na kwenye programu ya simu mara nyingi ni jina la biashara tu. Kampuni yenyewe iliyosajiliwa BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa kampuni) inaweza kuwa na jina jingine kabisa, na juu yake ikawepo kampuni mama iliyoandikishwa Delaware, Marekani, kwa sababu wawekezaji wengi wa nje wanapenda kuweka hela zao huko. Ukimlalamikia mtu asiye mwajiri wako, shauri linaweza kutupwa, na wakati unagundua kosa siku zako zimeshakwisha.

Angalia mambo matatu. Mkataba au barua ya ofa imetaja kampuni gani? Mshahara unatoka kwenye akaunti ya nani (taarifa yako ya benki itakuonyesha)? NSSF umeandikishwa chini ya mwajiri yupi? Kisha litafute jina hilo kwenye mfumo wa mtandaoni wa BRELA. Majina yakitofautiana, yaandike yote na umwonyeshe atakayekusaidia kuandaa shauri.

Usitishwe na kauli kwamba kampuni mama iko nje kwa hiyo haigusiki. Kenya hoja hiyo imeshajaribiwa. Wasimamizi wa maudhui ya Facebook waliofanya kazi Nairobi kupitia kampuni ya Sama waliishtaki Meta, mmiliki wa Facebook, nayo Meta ikajitetea kwamba ni kampuni ya nje isiyoweza kushtakiwa Kenya. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliikataa hoja hiyo mwaka 2023, na mwaka 2024 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Tanzania, lakini mwanasheria wako anaweza kuutumia kujenga hoja.

Hatua ya 2: Usikubali jina la "konsultanti" kabla ya kupima

Hiki ndicho kichaka kinachopendwa kuliko vyote. Unapewa mkataba wa huduma, unakatwa kodi ya zuio ya 5% badala ya PAYE (kodi ya mshahara), NSSF hakuna, likizo hakuna. Wakati huohuo unatakiwa kuwa ofisini saa mbili asubuhi, unatumia laptopu yao, unaomba ruhusa ukitaka kumpeleka mtoto hospitali, na kadi yako ya biashara ina nembo yao.

Sheria ya Taasisi za Kazi inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hata mkataba uitwe jina gani, likiwepo hata moja kati ya haya: namna anavyofanya kazi inaelekezwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, yeye ni sehemu ya taasisi hiyo, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa vifaa vya kazi, au anamfanyia kazi mtu huyo mmoja peke yake. Soma tena orodha hiyo ukiwa na siku yako ya kazi kichwani. Mwajiri anaruhusiwa kupinga, ila sasa ni yeye anayetakiwa kuthibitisha kwamba wewe si mwajiriwa.

Kwa hiyo hata kama ulisaini mkataba wa konsultanti kwa sababu ya njaa, mlango haujafungwa.

Hatua ya 3: Anza kuweka kumbukumbu leo, hata kama bado mnacheka pamoja

Watu wengi huanza kutafuta ushahidi siku wanayofukuzwa. Siku hiyo barua pepe ya kazini imeshafungwa, grupu umeshatolewa, na laptopu imechukuliwa mlangoni. Ushahidi unakusanywa wakati wa amani.

Hifadhi kwenye simu yako na mahali pengine nje ya ofisi: barua ya ofa, mkataba, salari slipu, taarifa ya benki ya kila mwezi, barua zozote za onyo au pongezi, na mazungumzo ya WhatsApp kuhusu mshahara, saa na majukumu yako. WhatsApp yenyewe ina njia ya kutoa mazungumzo yote na kuyatuma kama faili, itumie. Ukipiga skrinishoti, hakikisha tarehe na namba ya mtumaji vinaonekana, maana jina "Bosi" uliloliandika wewe kwenye simu yako halithibitishi kitu.

Maneno ya mdomo yageuze yawe maandishi. Bosi akikwambia kikaoni kwamba mshahara utachelewa, jioni mtumie ujumbe wa heshima:

"Bosi, habari za jioni. Kama ulivyosema leo kwenye kikao cha saa nane mchana, mshahara wa Machi utaingia pamoja na wa Aprili, tarehe 30. Naomba unisahihishe kama sikuelewa vizuri."

Ujumbe huu hauna ugomvi ndani yake. Hakuna wa kukulaumu kwa kuutuma. Akijibu "sawa", umepata kukiri kwa deni. Asipojibu, umebaki na kumbukumbu iliyoandikwa siku ileile. Kama anapenda kupiga simu tu, na waanzilishi wengine ni mabingwa wa hilo, fanya hivyohivyo baada ya kila simu nzito.

Weka pia daftari. Tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, nani aliagiza ubaki, nani mwingine alikuwepo. Mistari miwili kwa siku inatosha. Tusi ulilotukanwa mbele ya watu liandike kwa maneno yenyewe, usiandike tu kwamba "alinidhalilisha".

Kuna mipaka. Usichukue orodha ya wateja, taarifa zao binafsi, msimbo wa programu wala hesabu za kampuni kwa kisingizio cha ushahidi. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mwajiri aliyekuwa hana hoja atafurahi sana kugeuka yeye mlalamikaji. Chukua kinachokuhusu wewe na ajira yako.

Na kama hujawahi kupewa mkataba wowote wa maandishi, usikate tamaa. Sheria inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya ajira yako: kazi, tarehe ya kuanza, mahali, saa, malipo. Mgogoro ukifika mbele na yeye akashindwa kutoa mkataba au maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti mnalobishania unakuwa wake. Ofisi nyingi zinadhani kutokutoa mkataba kunazilinda.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya unachodai

Hasira haina tarakimu. Kabla ya kulalamika kaa chini na kikokotoo.

Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni saa za ziada: zinahitaji makubaliano, haziruhusiwi kuzidi 50 katika kila wiki 4, na zinalipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Tuseme mshahara wako wa msingi ni Sh 900,000 na unafanya kazi saa 55 kwa wiki. Mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa 45 kupata wa saa: takriban Sh 4,616. Saa moja ya ziada ni takriban Sh 6,924. Saa 10 kwa wiki, kwa wiki 4, inafika karibu Sh 277,000. Hiyo ndiyo bei ya ile "moyo wa kujituma" inayosifiwa kila Jumatatu asubuhi.

Angalia mtego mmoja. Kanuni hizi za saa hazimhusu mfanyakazi anayesimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kampuni changa zinagawa vyeo kama karanga: mkuu wa hiki, mkurugenzi wa kile, na chini yake hakuna hata mtu mmoja. Cheo kwenye LinkedIn hakikuondolei haki ya saa za ziada. Swali ni kama kweli unasimamia watu.

Mengine kwa ufupi. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo kwa malipo. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika kipindi cha miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Uzazi ni siku 84, au 100 kwa mapacha, na kumbagua mtu kwa sababu ya ujauzito ni marufuku. Kukatwa mshahara kwa ajili ya hasara, mfano simu ya ofisi iliyoibiwa, kunahitaji upewe nafasi ya kujieleza kwanza, na makato hayo hayaruhusiwi kuzidi robo ya malipo yako.

NSSF isimamie mwenyewe. Mchango ni 20% ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake. Uovu unaotokea ni huu: salari slipu inaonyesha umekatwa 10%, lakini NSSF hakijafika kitu miezi saba. Nenda ofisi ya NSSF iliyo karibu au tumia huduma zao za mtandaoni uangalie michango yako ilivyoingia, mwezi kwa mwezi. Ukikuta mapengo, ripoti hukohuko NSSF. Wana nguvu ya kudai ambayo wewe huna.

Kuhusu hisa. Wengi mmekubali mshahara mdogo kwa ahadi kwamba mtamiliki kipande cha kampuni. Ahadi ya mdomo ya mwanzilishi haina thamani yoyote. Unachohitaji ni barua ya kugawiwa iliyoidhinishwa na bodi, inayotaja idadi, kampuni ipi (mara nyingi ni ile ya Delaware), bei ya kununulia na ratiba ya kuzistahili hisa hizo kidogokidogo. Ratiba ya kawaida ni miaka 4, na mwaka wa kwanza usipotimia hupati hata moja. Ndiyo maana usishangae mtu akiachishwa mwezi wa kumi na moja. Soma pia kipengele cha kuondoka: mara nyingi unapewa siku 90 tu za kununua ulichostahili, la sivyo kinarudi kwa kampuni. Asilimia nayo isikulevye. Kampuni ikiuzwa kwa bei ya chini, wawekezaji wenye hisa za upendeleo huchukua chao kwanza. Mimi binafsi nikipewa nafasi ya kuchagua kati ya Sh 200,000 za ziada kila mwezi na hisa zisizo na barua, nachukua shilingi.

Hatua ya 5: Lalamika ndani, kwa maandishi

Najua utauliza: nimlalamikie nani wakati afisa utumishi ni shemeji yake? Lalamika tu. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinasema mfanyakazi aliyelazimika kujiuzulu kwa kutotendewa haki anatakiwa awe ametumia kwanza njia zilizopo za malalamiko, isipokuwa awe na sababu nzuri ya kutofanya hivyo. Barua yako ya leo ndiyo jibu la swali utakaloulizwa CMA. Iwe fupi, isiwe na matusi, iwe na tarehe ya kujibiwa.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MISHAHARA ISIYOLIPWA NA SAA ZA ZIADA

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwajiriwa wa kampuni hii tangu tarehe ……, nikiwa afisa huduma kwa wateja. Sijalipwa mshahara wa Februari na Machi, Sh 900,000 kwa kila mwezi. Aidha, tangu tarehe …… nimekuwa nikifanya kazi wastani wa saa 55 kwa wiki bila malipo ya saa za ziada. Orodha ya tarehe na saa nimeiambatanisha. Naomba nilipwe mishahara hiyo, na nipatiwe majibu ya maandishi kuhusu saa za ziada, kabla ya tarehe ……. Niko tayari kwa mazungumzo. Natanguliza shukrani.

Itume kwa barua pepe, nakala kwenye anwani yako binafsi. Ukiipeleka kwa mkono, gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, au mpokeaji asaini na kuweka tarehe.

Unyanyasaji wa kingono ni jambo jingine. Hapo hulazimiki kumfuata mtu anayekunyanyasa kumwomba aache. Toa taarifa kwa mtu mwingine yeyote wa uongozi kwa maandishi kama yupo, na kwa kosa la jinai nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kanuni hizohizo za 2007 zinautaja unyanyasaji wa kingono, na kushindwa kumlinda mfanyakazi dhidi yake, kuwa sababu inayoweza kufanya kujiuzulu kwako kuhesabike kama kuachishwa na mwajiri.

Kama mko watu kadhaa wenye kilio kimoja, andikeni pamoja. Kujiunga na chama cha wafanyakazi ni haki ya kisheria, na kwa sekta ya biashara na huduma TUICO ndicho kinachojulikana zaidi. Sijaona kampuni changa nyingi zenye tawi, lakini hakuna sheria inayozuia.

Kuanika kila kitu mtandaoni kabla ya hapa, sikushauri. Unapata faraja ya siku mbili, wao wanapata sababu ya kukushtaki kwa kuwachafulia jina, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo.

Hatua ya 6: Siku ya kuitwa chumbani

Hapa ndipo kibarua kinapoota nyasi, na hapa ndipo makosa makubwa hufanyika. Unaitwa ghafla, mezani kuna karatasi mbili: barua ya kujiuzulu iliyoandikwa tayari kwa jina lako, na hundi au ahadi ya mshahara wa mwezi mmoja. Unaambiwa "ni vizuri zaidi kwa CV yako". Ukisaini, mbele ya sheria umeacha kazi kwa hiari, na ni wewe utakayehangaika kuthibitisha kwamba ulilazimishwa.

Usisaini siku hiyo. Sema kwa utulivu: "Naomba nakala niipitie nyumbani, nitajibu kwa maandishi." Barua yoyote wanayotaka uipokee, andika juu yake "Nimeipokea tarehe ……, sijakubaliana na yaliyomo", kisha saini. Wakikataa kukupa nakala, toka, na ukifika tu nje tuma barua pepe ya mistari mitatu kueleza kilichotokea na nani walikuwepo.

Mwajiri anayetaka kukuachisha anahitaji vitu viwili kwa pamoja: sababu halali na utaratibu wa haki. Kama ni utovu wa nidhamu, unapewa tuhuma kwa maandishi, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na unaruhusiwa kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako. Kama tatizo ni utendaji, ulitakiwa uwe umeelezwa upungufu na kupewa nafasi ya kujirekebisha. Kama ni "hela imeisha", huko ni kupunguza wafanyakazi, na kuna utaratibu wake: notisi mapema tangu wazo linapoanza, taarifa muhimu zitolewe, na mashauriano juu ya sababu, njia za kuepuka, vigezo vya nani aondoke, na malipo. Kikao cha Zoom cha dakika kumi ambapo watu thelathini wanaambiwa leo ni siku yao ya mwisho si mashauriano.

Mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hana ulinzi huu dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Bado anadai mshahara wake, notisi na haki nyingine, ila si fidia ya kuachishwa. Muda wa majaribio nao unaweza kufika miezi 12, kwa hiyo usichanganye: aliye kwenye majaribio mwezi wa nane si mtu wa kutupwa bila maelezo.

Ukiondoka, stahiki zako ni mshahara wa siku ulizofanya kazi, notisi (siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi aliyepita mwezi wa kwanza), likizo ambayo hukuchukua, na hati ya utumishi. Aliyetimiza miezi 12 mfululizo akaachishwa na mwajiri, isipokuwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, anaongezewa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, mwisho miaka 10. Uliajiriwa Mwanza ukaletwa kufanya kazi Dar? Ulizia gharama za kukurudisha ulikoajiriwa.

Hatua ya 7: CMA, na siku 30

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndiyo mlango wa kwanza, na haitozi ada. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Migogoro mingine, ikiwemo mishahara isiyolipwa, ni siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Jumamosi, Jumapili na sikukuu zote zimo kwenye hesabu.

Waanzilishi wengine wanazijua siku hizi kuliko wewe. "Subiri kidogo, tunakamilisha raundi, wiki ijayo tutakaa tulimalize kiutu uzima." Wiki ijayo inakuwa wiki tano. Mazungumzo ya pembeni hayasimamishi saa. Fungua shauri, kisha endeleeni kuongea. Shauri linaondolewa wakati wowote mkielewana. Ukichelewa kuna fomu ya kuomba kuongezewa muda (CMA F.2), ila utatakiwa ueleze kila siku uliyochelewa, na "aliniahidi" ni sababu dhaifu.

Fomu ya kuanzia ni CMA F.1. Jaza jina sahihi la mwajiri (umeshalipata kwenye hatua ya 1), aina ya mgogoro, tarehe ulipozuka, na unachotaka. Kama ni kuachishwa kazi, jaza pia sehemu ya B, watu wanaisahau. Tarehe iandike kwa uangalifu, kwa sababu ndiyo itakayotumika kuhesabu siku. Mpe mwajiri nakala kwanza, pata uthibitisho kwamba ameipokea, kisha wasilisha kwenye ofisi ya CMA ya eneo mgogoro ulipotokea. Unaweza kujiwakilisha, au kwenda na wakili, ofisa wa chama, au mtu unayemwamini.

Kipengele cha usiri ulichosaini hakikuzuii kuja hapa.

Kwanza ni usuluhishi, unaotakiwa kumalizika ndani ya siku 30. Usikose tarehe: mlalamikaji asipofika shauri linaweza kufutwa, na mwajiri asipofika msuluhishi anaweza kuliamua. Yanayosemwa kwenye usuluhishi ni siri, kwa hiyo unaweza kutaja kiasi cha chini unachoweza kukubali bila hofu ya kubanwa nacho baadaye. Mkishindwana, linakwenda kwa mwamuzi, ambaye husikiliza mashahidi na kutoa tuzo, yaani uamuzi wake. Asiyeridhika ana wiki 6 za kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Ukiwa Nairobi

Hatua za kumbukumbu na barua ni zilezile, namba ndizo tofauti. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo ya siku 21 za kazi. Muda wa majaribio ni miezi 6, na unaweza kuongezwa kwa ridhaa yako ilimradi jumla isizidi 12. Kabla ya kufutwa kwa tabia au utendaji, lazima uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa na usikilizwe, ukiwa na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama. Kupunguza wafanyakazi kunahitaji notisi ya mwezi mmoja na malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka kamili. Muda wa kwenda mahakamani ni miaka 3, ukarimu ambao sisi wa Bara tunauonea wivu.

Mkikubaliana, andikeni mpaka namba ya akaunti

Kwa kampuni changa, makubaliano mazuri mezani mara nyingi yanashinda tuzo kubwa ya baadaye, kwa sababu kampuni yenyewe inaweza isiwepo baada ya mwaka. Ila usitoke na makubaliano ya jumla. Yataje kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, kama ni kabla au baada ya kodi, tarehe ya kila awamu, na akaunti itakapoingia. Ongeza kwamba awamu moja ikikosekana deni lote lililobaki linadaiwa mara moja. Yataje pia hati ya utumishi itatolewa lini, maana wengine wanaishikilia kama rehani. Kukiwa na maneno "malipo kamili na ya mwisho", hakikisha michango ya NSSF iliyokosekana imetajwa kuwa nje ya hayo, au imelipwa.

Tarehe ya malipo ikipita bila hela kuingia, chukua nakala ya makubaliano yaliyosainiwa mbele ya msuluhishi, au ya tuzo, uende Divisheni ya Kazi kuomba kukazia, yaani mwajiri alazimishwe kulipa. Ukiwa huko utaulizwa mali za mwajiri ziko wapi: akaunti ya benki, magari, samani za ofisi. Namba ya akaunti iliyokuwa ikikulipa mshahara iko kwenye taarifa zako za benki.